Goti la Bi Atija

Asubuhi nikikaa barazani na chai yangu nawaona mnapita, wanangu, mkikimbia kuelekea ufukweni. Simu mmezifunga mkononi, na nimeambiwa simu hizo zinawahesabia hatua na kuwapongeza. Mwanzo wa mwaka mnapita kundi zima, viatu vipya, vicheko tele. Mvua zikikaza mnapungua. Ikifika wakati wa mikorosho kutoa maua anapita mmoja tu, na huyo najua anakimbia kwa sababu mchumba wake anakaa upande ule.

Nawacheka kidogo, sikatai. Lakini juzi mmoja wenu alisimama akaniamkia vizuri, akaniuliza: "Mamá, wewe umefanyisha watu mazoezi miaka mingi. Mbona mimi naanza vizuri kisha naacha? Nakosa motivação, hamu ya kuendelea." Nikamwambia aketi nimweleze. Hakuketi, alikuwa na haraka ya kwenda kukimbia. Ndiyo maana nimeandika.

Mimi nilikuwa mtu wa fisioterapia katika kituo cha afya hapa Palma, mpaka nilipopewa reforma, nikastaafu, nikarudi nyumbani. Kazi yangu ilikuwa kuwafanyisha mazoezi waliopooza, waliovunjika, waliokatwa mguu. Zamani hatukuwa na vyuma. Fito za kushikilia mgonjwa anapojifunza kwenda zilikuwa za mianzi. Mpira wa kuvuta ulikuwa mpira wa ndani wa baiskeli, tumeukata vipande. Uzito ulikuwa chupa ya mchanga, na ukitaka kuuongeza unatia maji mchangani. Siku hizi vipo vifaa vya rangi rangi, na vijana waliochukua nafasi yangu wana picha za mazoezi katika simu. Nawaombea heri. Chupa ya mchanga msiitupe lakini, maana mgonjwa akirudi kwao mchanga ataukuta.

Watu waliniita Mama Força. Nilikuwa nikipiga kelele kuliko wote pale: "Força! Força!" Nguvu, nguvu! Wapita njia walikuwa wakidhani tunasukuma gari.

Fundi wangu, aliyenifundisha kazi, alikuwa Técnico Amisse, mtu wa Nampula, mwembamba, hasira zake za karibu. Siku moja alinikuta namhimiza mzee mmoja wa kutoka bara, kule Pundanhar, jina lake Casimiro. Mzee alikuwa amevunjika nyonga, ameshika fito, amesimama tu. Mimi sauti imenikauka. Técnico akanivuta pembeni.

"Anshia, nani anafanya mazoezi hapa?"

"Mzee."

"Hapana. Wewe ndiye uliyelowa jasho. Nguvu unayompa itaishia mlangoni. Nyumbani hatakuwa na wewe."

Kisha akaenda kwa mzee, akamwuliza kwa upole: "Papá, ukipona, siku ya kwanza kabisa utafanya nini?" Mimi nilitegemea atasema ataenda shambani, au kanisani kushukuru. Mzee Casimiro akatazama kulia na kushoto, akasema kwa sauti ya chini: "Nitakwenda chooni peke yangu, nifunge mlango." Tangu siku hiyo hatukumpeleka ukutani na kumrudisha. Tulimpeleka chooni, tukasimama mbali. Alitembea mapema kuliko kijana aliyelala kitanda cha jirani.

Swali hilo nililichukua nikalifanya langu. Kila aliyekuja nilimwuliza: unataka mazoezi haya yakufikishe wapi? Nikaona nimeupata ufunguo. Hata nikawa nawafundisha wengine, kwa majivuno kidogo, kwamba mtu akishasema anachotaka, kazi imekwisha nusu. Sikufikiri kwamba kuna mambo mtu anayataka na kwa adabu zetu hawezi kuyasema. Hilo nilifundishwa na Bi Atija.

Bi Atija ni mtu wa Quionga. Kule alikuwa mwosha: akifa mwanamke, yeye ndiye anayeitwa kumwosha kabla ya kuvikwa sanda. Alipatwa na kiharusi wakati ule watu walipokuwa wameanza kurudi makwao baada ya vita kuwatawanya. Upande wake wa kulia ulilala, mkono na mguu, na ulimi ukawa mzito. Binti yake Rehema akamleta kwake hapa Palma ili awe karibu na kituo.

Rehema ni mtoto mwema, na wema wake ulikuwa shida yangu ya kwanza. Mama akinyoosha mkono kuchukua kikombe, Rehema ameshakichukua. Mama akitaka kuinuka, Rehema na mdogo wake wamemshika kwapani huku na huku. "Pole mamá, pole mamá," kutwa nzima. Ninyi mnaijua huruma ya kwetu. Mgonjwa akionekana amebeba sahani yake mwenyewe, majirani watasema hana watoto. Nimeona mikono mingi iliyokaribia kupona ikilala tena kwa sababu ya kulishwa na watu wanaompenda mgonjwa.

Siku ya kwanza nikamwuliza swali langu. "Bi Atija, unataka mazoezi yakufikishe wapi?"

Alimtazama Rehema, akanitazama mimi. "Kutembea tu, mdogo wangu. Nitembee kama watu."

Basi tukashika kutembea. Fito, hatua, geuka, rudi. Alikuwa na bidii, na mguu ulikuja. Baada ya muda aliweza kuuzunguka ua wa kituo na fimbo. Mimi nikafurahi, nikapiga kelele zangu. Yeye hakufurahi. Alitembea vizuri na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa kitu cha jirani.

Na kulikuwa na jambo la kidole. Kila nikigeuka kumshughulikia mgonjwa mwingine, nikirudi namkuta amekishika kidole gumba cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, anakikunja, anakikunjua, anakisukuma kiende nyuma. Tena anajaribu kuchuchumaa, akilielemea goti la kulia, ambalo lilikuwa halijawa tayari. Nikamwambia, "Kidole hakitembei, Bi Atija. Tushike mguu kwanza." Akakiacha. Nikigeuka, amekirudia.

Halafu akaacha kuja. Rehema alipita akasema mama hataki, amechoka, anashinda uani. Nikajua amekata tamaa. Wengi huwa wanakata tamaa wakati huo hasa, mguu ukiisha kuja kidogo na kazi iliyobaki ikawa ndefu. Nikachukua kitambaa changu nikaenda nyumbani kwao bila ya kutuma habari.

Nilipokaribia nilimsikia Rehema analia. "Mamá, chega! Basi! Unamchuria mama mkubwa!"

Nikapiga hodi nikaingia uani, nikakuta kitanda kifupi cha kamba. Juu ya kitanda gogo la mgomba, refu, limefungwa kanga. Bi Atija amechuchumaa kando yake, goti la kulia amelipenyeza chini ya gogo, mkono wa kulia ameuweka juu, na kile kidole gumba chake kinahangaika kushika. Mwili wote unatetemeka. Gogo likainuka kidogo, likamponyoka, likaanguka chini.

"Lirudishe," akamwambia Rehema.

"Silirudishi. Wallahi silirudishi."

Kijana wa siku hizi huenda asijue uchuro ni kitu gani, nitaeleza. Kwetu mtu hataji kifo cha aliye hai. Ukikitaja, au ukafanya jambo linalofanana na maandalizi yake, umekiita. Huo ndio uchuro, na anayeufanya kwa ndugu yake huonekana anamtakia mabaya. Na mama mkubwa wa Rehema, dada yake Bi Atija, anaitwa Bi Sauda, alikuwa kitandani Quionga, moyo umechoka, miguu imevimba. Sasa hapa uani lipo gogo lililofungwa kanga, na mwosha amechuchumaa kando yake. Mimi mwenyewe nywele zilinisimama. Nilidhani kiharusi kimepanda kichwani.

Nikakaa chini mbele yake. "Bi Atija, hii ni nini?"

Ulimi ulikuwa mzito bado, alisema kidogo kidogo. "Mie na Sauda tuliahidiana, siku tulipomwosha mama yetu. Atakayetangulia, mwenziwe atamwosha. Asimguse ntu mwengine. Sasa Sauda anakwenda, mdogo wangu. Wewe unajua, mie najua, Rehema naye anajua ila anaziba masikio. Na nkono wangu huu."

"Kwa nini hukuniambia siku ile nilipokuuliza?"

"Ningesemaje? Mbele ya mwanangu, niseme nataka nkono wa kumwosha dada yangu, na dada yangu anakunywa uji? Ungesema kitu hicho wewe?"

Nisingesema.

Akanionyesha. Nami nitawaonyesha ninyi, maana ndipo nilipokielewa kidole. Mwosha hufika mahali ambapo lazima amwinue maiti kidogo, awe kama ameketi ameegemea nyuma. Mgongo wa maiti unakaa juu ya goti la kulia la mwosha. Mkono wa kulia unashika bega, na kidole gumba kinakaa kisogoni ili kichwa kisianguke. Mkono wa kushoto ndio unaopita tumboni, taratibu. Goti la kulia, mkono wa kulia, kidole gumba cha kulia: vyote vitatu ndivyo kiharusi kilivyochukua. Wakati mimi namfundisha kuzunguka ua, yeye alikuwa anajifunza kuchuchumaa na kubeba, peke yake, kwa kuiba.

"Haya," nikasema. Nikaliinua gogo, nikalirudisha kitandani. Rehema akaingia ndani akafunga mlango.

Tangu hapo kazi ilibadilika. Fito nilizisahau. Kwa kidole tulitumia unga wa muhogo uliokandwa mgumu, aufinye kwa kidole gumba na kila kidole kwa zamu. Tulitumia korosho, azitoe ungoni moja moja. Tulitumia kitambaa cha maji, akikamue kwa mikono miwili, wa kulia uwe juu. Kwa goti tulifunga kamba kwenye boriti, ashike, ashuke nusu, akae hapo, apande. Mtu akifundisha kuchuchumaa, wanangu, asiharakishe kwenda chini. Kushuka ni rahisi, hata gunia linashuka. Mfundishe mtu kukaa katikati, pale mapaja yanapowaka moto, kwa sababu uwezo unajengwa hapo. Hata ninyi mnaoruka ruka mbele ya simu nawaona mnapita hapo katikati mbio mbio.

Na mimi niliacha kelele. Si kwamba niliamua. Nilijaribu "força" mara moja pale uani, nikaona haifai, kama kupiga vigelegele msibani.

Sasa niseme la motivação, maana ndilo mliloniuliza. Nilidhani mtu mwenye sababu nzito namna ile ataamka kila siku anawaka. Hapana. Kuna asubuhi nilimkuta amegeukia ukuta.

"Leo sitaki," alisema.

"Basi tupumzike."

"Sikusema tupumzike. Nimesema sitaki." Akaanza kuinuka. "Wewe swala ya alfajiri unaisubiri uitake? Ukiisubiri uitake utaswali mara ngapi? Unanuia, basi. Ukishanuia unaanza. Kutaka kunakuja nyuma, na siku nyingine hakuji kabisa, na swala yako umeswali."

Nikamtania: "Basi nikunuilie mimi leo, wewe ulale."

Hakucheka. "Nia hainuiwi na ntu mwengine, Anshia. Kila ntu moyo wake."

Hayo ndiyo niliyotaka kumwambia yule kijana aliyekataa kuketi. Mnayoiita motivação mnaingoja kama mvua, na isiponyesha mnalala. Bi Atija hakuingoja. Alikuwa akishika kamba, anafumba macho, midomo inacheza kidogo, halafu anashuka. Siku mbaya alishuka kidogo. Siku nzuri alishuka zaidi. Siku mbaya hazikumtia aibu, nami niliona kwa macho yangu kwamba nyingi za siku zilizomponya zilikuwa mbaya.

Lakini maneno ya uani hayakai uani. Ikasemwa mtaani kwamba Bi Atija anafanya uchuro, anamwosha dada yake akiwa hai, na kwamba dona Anshia wa kituo anamsaidia. Watu wakaacha kunisalimu. Jirani mmoja alikuja kunionya kwamba mgomba uliofungwa kanga ni mambo ya wachawi. Kilichonitisha zaidi ni kwamba habari ilifika Quionga, ikafika mpaka kitandani kwa Bi Sauda. Rehema ndiye aliyenipa habari hiyo. Mgonjwa wa moyo ameambiwa kwamba mdogo wake anajifunza kumwosha. Tulikaa tunangoja simu ya msiba, na tulijua kwamba ikija, Bi Atija atabeba lawama mpaka kaburini.

Simu ikaja kweli. Ilikuwa ya Bi Sauda mwenyewe, sauti imekauka, inakatika katika.

"Mwambieni Atija," alisema, "gogo la mgomba lina mgongo gani? Aje huku anipime mimi."

Rehema aliishika ile simu akakaa chini. Bi Atija alicheka. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akicheka, na kilio kilikuwa ndani yake.

Tukamsindikiza Quionga. Niliwaona wale dada wawili wanatazamana, mmoja kitandani, mmoja na fimbo. Wakati wa chakula ukafika. Mjukuu akaleta uji na kutaka kumwinua bibi yake kama kawaida, kwa kumvuta mikono. Bi Atija akamzuia. Akaiweka fimbo chini. Akachuchumaa kando ya kitanda, akapenyeza goti la kulia chini ya mgongo wa dada yake. Mkono wa kulia begani. Kidole gumba kisogoni. Akamwinua. Bi Sauda akakaa ameegemea juu ya goti lile, mwepesi, mifupa tu, na Bi Atija kwa mkono wa kushoto akachukua kijiko akamnywesha uji.

"Unatetemeka," Bi Sauda alisema.

"Nyamaza unywe."

Nilitoka nje. Niliona haya kuwepo pale. Rehema alikuwa amesimama mlangoni, kanga mdomoni. Hakusema neno la uchuro tena, siku ile wala baadaye.

Bi Atija hakurudi Palma. Alikaa Quionga akamwinua dada yake kila alipokula, kila alipotaka maji, kila kikohozi kilipombana. Mwalimu gani wa mazoezi angempa kazi nzuri kuliko ile? Kila nilipokwenda kumtazama nilikuta goti limekaza zaidi na dada mtu amekwisha zaidi. Nilishindwa kujua nifurahie lipi. Najua kwamba nilikuwa nikirudi Palma nalia njia nzima, na sikuwa mtu wa kulialia kazini.

Bi Sauda alifariki asubuhi moja, baada ya uji.

Nilikwenda. Waliniita chumbani nimimine maji, kwa kuwa nilikuwa mtu wa karibu sasa. Yanayoonekana kwenye chumba cha kuoshea hayasemwi nje, hiyo ni amana, nami sitayasema. Nitasema la goti tu. Lilipofika lile jambo la kumwinua, wanawake wawili wenye nguvu walisogea ili wamsaidie. Bi Atija hakuwatazama. Alifumba macho, midomo ikacheza kidogo, akashuka. Goti likaingia mahali pake. Bega, kisogo, kidole gumba. Akamwinua dada yake akamshika hapo muda wote uliohitajika, na goti halikutikisika hata kidogo. Nilikuwa nimekaa na watu wa mazoezi maisha yangu yote. Sijaona mwili wa binadamu ukitii namna ile, na sidhani nitaona.

Hapo ndipo wengine wangemaliza hadithi. Ila nataka mjue na linalofuata, kwa sababu litawakuta hata ninyi. Mtu akishafika alikokuwa anakwenda, anaweza kukaa chini asiinuke tena. Baada ya hitima Bi Atija alirudi kwa Rehema. Kamba ilibaki inaning'inia kwenye boriti. Korosho ziliingia wadudu. Rehema alinitumia habari: mama anakula kidogo, hafanyi lolote, mkono unaanza kukunjamana. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshapewa reforma, niko nyumbani na magoti yangu mabovu. Nikajikokota mpaka kwao.

Nikamwuliza lile swali la Técnico Amisse, kwa sababu sikuwa na lingine. "Bi Atija, sasa unataka kufika wapi?"

"Nilichonuia nimekwisha kukifanya."

"Na sasa?"

Rehema alikuwa anafua karibu, na safari hii Bi Atija hakumtazama kwanza.

"Sauda nimemwosha mie," alisema. "Mie, je? Tuliahidiana wawili. Aliyebaki hana wa kumwosha. Rehema ni mwoga, hawezi kugusa maiti, namjua. Nimekaa hapa nafikiri hilo tu."

Sijui nilijibu kwa akili gani. Nilisikia mdomo wangu unasema, "Nitakuosha mimi."

Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Wewe? Na magoti hayo? Kuketi tu unaita Mola."

"Nifundishe."

Basi ndiyo hivyo, wanangu. Mama Força, niliyewachuchumaza watu wa Palma yote, sasa nachuchumazwa. Anakuja kwangu kwa miguu yake, fimbo mkononi, na hana huruma. Nikisema goti linauma ananiambia nimwoneshe goti lisilouma. Nikimwambia leo sitaki, anauliza nani ameniuliza kama nataka. Na kwa sababu ananifundisha, mwenyewe anashuka na kupanda pamoja nami, na mkono wake umefunguka tena. Gogo la mgomba amelikataa, amesema Sauda alikuwa na haki, halina mgongo. Kwa hiyo anajilaza yeye, mkekani kwangu, mlango tumefunga ili majirani wasione uchuro, na mimi nashuka kando yake, napenyeza goti langu la kulia chini ya mgongo wake. Bega, kisogo, kidole gumba. Mwili wake una joto, naye anazungumza muda wote. "Usinivute. Nibebe. Kichwa changu, Anshia, angalia kichwa."

Juzi nilimwinua nikamfikisha panapotakiwa. Nikamshika hapo. Nilihesabu nimeweza, halafu paja likaanza.

"Unatetemeka," alisema, macho ameyafumba.

"Bado sijaweza, Bi Atija."

"Bado?"

"Bado."

"Basi na mie bado siendi," akasema.